Baiskeli na Motokaa katika Njia Moja

Sisi tunaoandika habari hii ni mume na mke. Mwenye kushika kalamu ni baba wa nyumba, lakini maneno ni ya wawili, wala hakuna sentensi iliyoachwa hapa kabla ya kusomwa mbele ya mama wa watoto. Twakaa katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu, upande wa Fizi, kama kilometa 9 kutoka Baraka. Mwaka huu kifungua mimba wetu alimaliza shule ya msingi, akapata nafasi katika shule ya sekondari huko Baraka. Siku ile ile aliyoleta habari hiyo njema alileta na ombi: "Baba, Mama, nawaomba ile kinga ya mjomba iliyo darini. Nitakwenda nayo shuleni."

Kinga ndilo jina la baiskeli kwa watu wengi wa kwetu Kongo. Ombi la mtoto lilikuwa fupi, lakini lilitukosesha usingizi siku nyingi. Maana kinga ile ina habari yake, na barabara ile ina habari yake pia. Tumeona vema kuwaeleza jinsi tulivyobishana na jinsi tulivyopatana, kwa sababu twajua kwamba nyumba nyingi za Fizi na Baraka zitaombwa neno kama hilo, ikiwa hazijaombwa bado.

Kinga ile ilikuwa mali ya mdogo wake mama wa nyumba, ndugu wa tumbo moja. Alikuwa kijana mwenye bidii. Alfajiri alishuka pwani ya Baraka kununua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu la Tanganyika, kisha akawapandisha hadi Fizi, juu milimani, ambako watu huwangojea kwa hamu. Mahali penye mwinuko mkali alisukuma. Mahali pa tambarare alipanda. Wakati wa kurudi alichukua mihogo au maharagwe. Hakuna tajiri aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe kwa miguu yake miwili na magurudumu yake mawili. Kwa faida yake aliwalipia karo wadogo zake, akaezeka nyumba ya mama yake kwa mabati.

Siku moja ya kiangazi, mtoto wetu angali akibebwa mgongoni, kijana huyo alikuwa akiteremka kutoka Fizi. Motokaa ya mizigo ilitokea nyuma yake katika kona. Vumbi lilikuwa jingi. Walioona kwa macho walituambia mambo mawili, nasi hatutaki kuficha hata moja. La kwanza, dereva alikwenda mbio kupita kiasi. La pili, mzigo wa ndugu yetu ulitokeza pande zote mbili kama mabawa, na breki yake ya nyuma ilikuwa imekatika siku nyingi, hata alizoea kuzuia gurudumu kwa soli ya kiatu. Motokaa haikumgonga mtu; iligusa mzigo tu. Mzigo ukamzungusha, naye akaangukia mawe. Aliishi siku 3.

Tulipokwenda kuichukua kinga tuliikuta ina rimu moja iliyopinda. Fundi aliinyosha kwa muda wa saa moja. Kitu cha chuma kilipona kabla ya machozi kukauka, na mwenye nacho alikuwa amekwisha kuzikwa. Basi tuliipandisha darini, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa nyumbani aliyeitaja, mpaka siku hiyo ya ombi.

Ndiyo maana mama wa nyumba alipolisikia ombi hilo alijibu neno moja tu: "Hapana." Baadaye, watoto walipolala, alieleza. Barabara kuu, alisema, si mahali pa baiskeli tena. Imekuwa ya malori, ya motokaa na ya pikipiki. Mwenye kinga aingiapo humo ni kama mwenye mtumbwi mdogo ajiwekaye mbele ya meli. Haidhuru awe na haki au asiwe nayo, atakayezama ni yeye. Kwa hiyo wapanda baiskeli wazuiwe kabisa kupita barabara za mbio, na mtoto wetu awe wa kwanza.

Baba wa nyumba alijibu kinyume. Kilometa 9 kwenda na kilometa 9 kurudi ni kilometa 18 kila siku. Mtoto akitembea kwa miguu atatumia saa 4 njiani. Atafika darasani amechoka, atarudi gizani, na kabla ya Krismasi atakuwa ameacha masomo. Tena, akitembea atapita wapi? Atapita pembeni mwa barabara ile ile. Na tukiwazuia wenye kinga, nani atapeleka ndagala Fizi? Nani ataleta mihogo sokoni Baraka? Watu wengi wa kwetu hawana motokaa, wala hawatakuwa nayo kesho. Barabara iliyofungwa kwa kinga ni barabara iliyofungwa kwa maskini.

Hivyo tulikuwa na maneno mawili katika nyumba moja, na kila neno lilikuwa na haki yake. Tulikaa majuma mawili bila kupatana. Kilichotusaidia ni kukumbuka pamoja habari za barabara yenyewe.

Vita vya 1996 vilitutoa Fizi tungali watoto, vikatupeleka ng'ambo ya ziwa. Tulikulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, nchini Tanzania, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Kuanzia 2005 meli zilianza kuwarudisha watu wetu kutoka Kigoma hadi Baraka, nasi tulirudi kwa meli hizo. Tulikuta barabara imekuwa mashimo na tope. Motokaa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Siku hizo kinga ndiyo iliyolisha nchi: ilibeba samaki, chumvi, sabuni, wagonjwa, hata mabati ya kuezekea. Hakuna aliyeuliza kama yafaa baiskeli na motokaa kushiriki njia moja, kwa maana motokaa yenyewe ilikwenda kwa mwendo wa baiskeli, ikitafuta pa kuweka gurudumu.

Katika majuma yale ya kwanza baba wa nyumba alifanya kosa ambalo lingeweza kumwua. Tanzania watu hupita kushoto. Kongo hupita kulia. Yeye alikuwa amejifunza baiskeli huko Kigoma, na mwili wake ulikuwa haujajua bado kwamba umebadili nchi. Asubuhi moja alikuwa akienda zake upande wa kushoto, ana hakika kabisa kwamba yuko mahali pake, mara akakutana na lori uso kwa uso. Kosa lilikuwa lake lote. Lakini lori lilikuwa likitambaa kati ya mashimo kama kobe. Likasimama. Dereva akatoa kichwa nje, akamtazama, akauliza: "Kijana, wewe umetoka Kigoma?" Watu wote juu ya mzigo wakacheka, naye akacheka pamoja nao, akavuka kwenda upande wa kulia.

Tulipoyakumbuka hayo, mama wa nyumba alinyamaza kwa muda, kisha akasema neno ambalo baba hakuwa amelifikiri: "Wewe ulikosa kuliko ndugu yangu. Yeye alikuwa upande wake. Wewe hukuwa upande wako. Kwa nini wewe ulirudi nyumbani ukicheka?"

Jibu lilikuwa moja tu. Lori lile lilikwenda polepole, na motokaa ile ilikwenda mbio. Binadamu wote hukosa: mwenye kinga hukosa, na dereva hukosa. Palipo mwendo mdogo kosa huishia katika kicheko au katika ugomvi wa dakika 5. Palipo mwendo mkubwa kosa lile lile, au dogo kuliko hilo, huishia kaburini.

Miaka ilipopita, barabara ilitengenezwa mara kwa mara. Mashimo yalifukiwa, udongo ukasawazishwa. Tulishukuru, na tungali twashukuru, kwa kuwa barabara nzuri huleta dawa, vitabu na bei nafuu. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, motokaa za misaada zikaongezeka njiani. Malori ya wafanya biashara yakaongezeka, na mengine huendelea mbele ya Fizi kwa watu wa machimbo ya dhahabu ya Misisi. Pikipiki nazo zikaja kama nzige. Lakini tuliona jambo moja la kushangaza: kila mashine ya kusawazisha ilipopita, mwezi ule ule tulisikia habari za waliogongwa. Njia mbaya ilikuwa ikitulinda bila sisi kujua. Njia nzuri ilikuja bila kuleta mlinzi wake.

Basi jioni moja tulimwita mtoto aje na daftari lake, tukafanya hesabu sisi watatu. Wanafunzi mnaosoma habari hii, fanyeni nanyi. Mwenye kinga yenye mzigo huenda kama kilometa 12 kwa saa. Motokaa ikija nyuma yake kwa kilometa 30 kwa saa, tofauti ya mwendo wao ni kilometa 18 kwa saa, yaani meta 5 kwa kila sekunde. Dereva akimwona baada ya kona, umbali wa meta 60, ana sekunde 12 za kupiga honi, kupunguza mwendo na kumpisha. Katika sekunde 12 mtu aweza kuikaribia Amina ya Salamu Maria. Sasa motokaa hiyo ije kwa kilometa 80 kwa saa. Tofauti ni kilometa 68 kwa saa, karibu meta 19 kwa kila sekunde. Zile meta 60 zaisha katika sekunde 3. Katika sekunde 3 mtu hupata kusema "Salamu Maria" tu, basi.

Kisha liko jambo la pigo lenyewe. Walimu wa fizikia hufundisha kwamba mwendo ukizidi mara 2, nguvu ya kugonga huzidi mara 4. Dereva aongezaye kutoka kilometa 40 hadi 80 hudhani ameongeza hatari mara mbili; kumbe amebeba nyundo nzito mara nne. Mtoto alitazama tarakimu zake, akasema: "Basi, Baba, hatari si kinga, wala si motokaa. Hatari ni ile tofauti." Hatukuwa tumelisema jambo hilo vizuri hivyo, sisi wazazi wake.

Tangu jioni hiyo tulikuwa na kipimo. Mahali tofauti ya mwendo ilipo ndogo, kinga na motokaa zaweza kushiriki njia moja kwa amani. Mahali tofauti ilipo kubwa, zitenganishwe. Na mahali pasipowezekana kuzitenganisha, kama vile juu ya daraja au katika kona nyembamba ya mlima, mwenye mbio na apunguze mbio zake. Hapo mwenye injini ndiye apaswaye kutii kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aletaye hatari, na kwake kupunguza ni kukanyaga breki tu.

Mashindano haya ya kinga na motokaa hayakuanza kwetu. Mwaka 1934 serikali ya Uingereza ilifungua njia ya baiskeli pembeni mwa barabara moja kubwa ya London, iitwayo Western Avenue. Tungedhani wapanda baiskeli walifurahi. La, chama chao kiliipinga. Kiliogopa kwamba, wakikubali njia ya pembeni leo, kesho wataambiwa barabara kuu si yao tena. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Jirani zetu wa Burundi waliona mfano wake: mwezi wa Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura. Waliokuwa wakipata chakula kwa kubeba watu na mizigo mjini waliamka asubuhi hawana mahali pa kupita.

Mfano mwingine ni wa Uholanzi. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walisimama, wakaandamana kwa chama walichokiita Stop de Kindermoord, maana yake "komesheni mauaji ya watoto". Hawakudai watoto wafungiwe nyumbani. Walidai njia zibadilike. Katika miaka iliyofuata, pembeni mwa barabara za mbio zilijengwa njia za baiskeli peke yake, na katika mitaa mingi ya makazi mwendo wa motokaa ulishushwa hadi kilometa 30 kwa saa, ili wote washiriki. Leo motokaa zao ni nyingi kuliko zamani, na hata hivyo wafao kwa mwaka hawafiki 1,000. Tazameni, kipimo chao ni kile kile cha daftari la mtoto wetu.

Mtu atasema: "Waholanzi ni matajiri, sisi hatuna lami hata ya motokaa." Ni kweli. Lakini njia ya kinga haihitaji lami. Kinga yataka ukanda wa udongo mgumu, upana wa meta moja na nusu, usio na majani wala mawe, uliotengwa na barabara kwa mtaro au kwa mstari wa miti. Kwetu, sehemu kubwa ya njia hiyo iko tayari. Ni njia ya miguu waliyoikanyaga babu zetu, ipitayo kati ya mashamba, sambamba na barabara. Imefunikwa na majani mahali fulani, imekatwa na mvua mahali pengine, lakini ipo.

Tulipeleka shauri hilo kwa wazazi wenzetu Jumapili moja baada ya Misa, kisha kwa chifu wa kijiji. Walikuwako waliocheka. Alikuwako dereva mmoja wa lori, mtu mzima, jirani yetu, ambaye hakucheka. Alitusihi tusimhukumu yeye peke yake. "Mimi nikishuka mlima na tani zangu," alisema, "siwezi kusimama kama mnavyosimamisha mbuzi. Nanyi mwaja na kinga bila taa, bila kengele, jioni, mmevaa nguo nyeusi, na mzigo umeziba nusu ya barabara. Nipeni nami nafasi ya kuwaona." Tulikiri kwamba asemavyo ni kweli. Tukawaambia vijana habari za wapanda baiskeli wa barabara ya Bugarama, huko Burundi, ambao hushika malori kwa nyuma ili yawavute mlimani, kisha huteremka na mizigo ya ndizi kwa mbio za kutisha. Mapatano ya kimataifa ya usafiri barabarani yaliyofanywa Vienna mwaka 1968 humhesabu mwenye baiskeli kuwa dereva kamili. Ni heshima, lakini ni heshima yenye mzigo: mapatano hayo hayo yamkataza asivutwe na chombo kingine, asiachilie usukani kwa mikono yote miwili, wala asichukue kitu kinachomzuia kuendesha sawasawa au kinachowahatarisha wengine. Mwenye kudai haki ya dereva na akubali na wajibu wa dereva.

Basi tuliamua kufanya salongo. Jumamosi 4, kila nyumba ilitoa mtu mmoja mwenye jembe au panga. Tulifyeka, tukafukia, tukaweka magogo juu ya vijito viwili vidogo. Hatukumaliza kilometa zote 9. Mahali pamoja mwenye shamba alikataa, naye ana haki juu ya shamba lake. Tungali twazungumza naye. Mahali pengine mlima umeibana barabara, hapana nafasi ya njia ya pili. Hata hivyo mtoto aendaye Baraka kutoka kijijini kwetu sasa aweza kuiacha barabara kuu kwa sehemu kubwa ya safari yake. Pale kijijini penyewe, ambapo wote hupita pamoja, chifu ameahidi kuomba ruhusa ya kuweka matuta.

Lakini tulisema wazi mbele ya chifu, na hapa twarudia: njia ya pembeni ni zawadi, isigeuzwe kuwa hukumu. Mvua ikiibomoa, au mzigo ukiwa mpana kuliko njia, mwenye kinga atarudi barabarani, na dereva atamkuta humo kama mtu mwenye haki ya kuwamo. Asimpigie honi ya kumfukuza. Barabara za nchi hutengenezwa kwa fedha za watu wote, hata za mwuza ndagala alipaye ushuru wa soko kila asubuhi.

Yako mambo ambayo wazazi hawawezi kuyafanya kwa jembe. Mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na ajali za barabarani ndizo ziwauazo zaidi watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Wenye kutengeneza barabara hawana budi kutengeneza na pembezoni mwake. Mwenye kusawazisha meta 6 za motokaa aache meta moja na nusu kwa kinga na kwa miguu. Gharama ya nyongeza ni ndogo, na faida yake ni watu. Na madereva, hasa walio Wakristo, wakumbuke kwamba amri ya tano haihusu panga na bunduki tu. Yahusu pia mguu wa kulia juu ya pedali.

Tumebaki na habari ya mtoto. Mama wa nyumba mwenyewe ndiye aliyepanda darini akaiteremsha kinga. Alikaa nayo uani muda mrefu, akiipangusa. Kisha akaweka masharti yake, na baba hakuongeza hata moja. Breki zote mbili ziwe mpya. Kengele iwepo, na kioo chekundu nyuma. Mtoto asibebe mtu wala mzigo zaidi ya mkoba wa vitabu. Avae shati jeupe. Apite njia ya pembeni kila mahali ilipo. Pale mlima unapoibana barabara, ashuke, asukume kinga kwa miguu mpaka apite kona, hata kama wenzake wanamcheka. Giza likimkuta Baraka, alale kwa shangazi yake, sisi tutavumilia.

Amekwenda hivyo muhula mzima sasa. Siku mbili alichelewa, na siku hizo mbili sisi wote tulisimama kando ya barabara tukitazama upande wa Baraka, hatukusemezana. Hatuwezi kuwaambia kwamba hofu imekwisha, kwa maana haijaisha. Mama wa nyumba bado asema barabara ile si salama, na baba hana la kumbishia. Lakini kila jioni, kabla hatujamwona, twasikia kengele yake katika njia ya pembeni, nyuma ya migomba. Huipiga mara 3, kama alivyoagizwa na mama yake, ndipo mama huinuka kwenda kupakua chakula.